Uongo Uliochapwa Hujibiwa kwa Chapa

Mzee aliyenifundisha uchapaji alikuwa na msemo wake: nakala moja ni barua, nakala elfu ni baraza. Aliurudia kila kijana mpya alipoingia kiwandani, kwa sababu alitaka tujue mapema tumeshika kitu gani mikononi. Tulikuwa eneo la Gerezani, Dar es Salaam, katika vyumba viwili vilivyonuka wino na mafuta ya taa, tukichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, lebo za sabuni, kalenda za maduka na mabango ya mikutano ya injili. Mashine yetu ya Heidelberg haikubagua. Tangazo la kweli na tangazo la uongo yalipita katika rola zilezile, yakapata wino uleule, yakakatwa na kufungwa pamoja. Tofauti ilikuja kuonekana yalipowafikia watu.

Mimi tofauti hiyo niliijua kabla ya kuijua mashine, kwa kuwa sehemu kubwa ya utoto wangu niliimalizia saluni kwa Shangazi, Magomeni.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mbele, na kuta zake zilifunikwa kwa karatasi kutoka sakafuni hadi darini. Shangazi alibandika kurasa alizozipata kwa wasafiri, kwa wateja na kwa wauza majarida ya zamani: Drum, Ebony, majarida ya mitindo kutoka Nairobi, kalenda za miaka iliyokwisha. Mteja alipoingia hakuwa na haja ya kujieleza. Alinyoosha kidole ukutani, akasema "hii", kazi ikaanza. Waliotaka kusukwa twende kilioni au mabutu hawakuwa na cha kuonyesha, kwa sababu mitindo hiyo haikuwamo. Waliokuwamo ni wanawake wenye nywele zilizonyooka na kung'aa, na pembeni yao chupa na makopo. Katika matangazo mengi mwanamke mmoja alionyeshwa mara mbili: kushoto ni mweusi na amenuna, kulia amekuwa mweupe na anacheka. Kiingereza changu cha kwanza nilikisoma pale, neno kwa neno, nikimsubiri Shangazi amalize vichwa vya watu.

Baadaye Shangazi mwenyewe akaanza kujipaka. Alichotumia kilichanganywa na watu asiowajua na kuuzwa katika kikopo kisicho na jina, ile dawa tunayoiita mkorogo. Mwanzoni alisifiwa. Kisha mashavu yakaota madoa meusi yenye ubuluu ndani yake, ngozi ikawa nyepesi mno, jua likawa linamchoma na moto wa jiko vilevile. Akawa anajitanda kanga mpaka puani hata akiwa jikoni kwake. Siku moja, nikiwa tayari kijana mkubwa, nilimwuliza ni nani aliyemshawishi. Hakumtaja shoga yake yeyote wala mume. Aliinua kidevu kuelekea ukutani.

"Hizo karatasi, mwanangu. Kila siku zilikuwa zinanisema."

Alipofunga saluni, binamu zangu walizibandua kurasa zote wakazichoma uani. Nilisaidia kuzibeba, na nilifurahi kuziona zinaungua. Lakini jioni ileile nilipita mbele ya saluni ya mtaa wa pili, na mlango ukiwa wazi nikamwona ukutani mwanamke yuleyule, kushoto amenuna na kulia anacheka. Nilipokuja kuusikia msemo wa mzee wangu kiwandani, ukurasa ule ndio ulionijia akilini. Tulichokuwa tumechoma ni barua. Baraza lilikuwa linaendelea.

Mwaka 2013 nilikuwa London kwa mafunzo mafupi ya utunzaji wa karatasi za kale. Mmoja wa walimu wetu alitushauri tusirudi makwetu bila kufika Tate Modern, jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka 2000 ndani ya jengo lililokuwa kituo cha kufua umeme, kando ya mto Thames. Tangu Mei hadi mwanzoni mwa Septemba mwaka huo palikuwa na maonyesho ya Ellen Gallagher yaliyoitwa AxME. Gallagher alizaliwa mwaka 1965 mjini Providence, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani. Upande wa baba asili yake ni visiwa vya Cape Verde, upande wa mama ni Ireland. Kabla ya jina lake kusikika aliwahi kufanya kazi ya useremala, na nadhani hilo huonekana katika namna anavyoshughulikia vitu: anapima, anakata, anaunga.

Kazi iliyonisimamisha inaitwa DeLuxe. Ni karatasi 60, kila moja katika fremu yake, zilizopangwa safu 5 za fremu 12. Karatasi moja ina ukubwa unaokaribia ukurasa wa jarida, kama sentimita 33 kwa 27, na zote kwa pamoja zinajaza ukuta wenye upana wa karibu mita nne na nusu. Aliitengeneza kati ya mwaka 2004 na 2005 pamoja na mafundi wa karakana ya Two Palms Press ya New York, kwa nakala 20.

Kurasa zile nilizitambua kabla ya kusoma maelezo. Gallagher alizichota katika majarida ya Wamarekani Weusi ya katikati ya karne iliyopita, kama vile Ebony, Our World na Sepia: matangazo ya mawigi, mafuta ya nywele, dawa za kunyoosha nywele, krimu za kung'arisha ngozi. Ukuta wa Shangazi ulikuwa mbele yangu, umewekwa vioo na kuning'inizwa katika moja ya majumba makubwa ya sanaa duniani. Lakini wanawake wake walikuwa wamebadilika. Vichwani walivaa mawigi ya plastisini ya njano, yaliyofinyangwa kwa mkono, mazito, yakiinuka juu ya karatasi. Macho ya wengi yalikuwa yamekatwa, pakabaki weupe mtupu. Wengine walivikwa vinyago, wengine walibandikwa macho ya wanasesere. Palikuwa na mahameli, vito vya kioo, vumbi la kumetameta, dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba, hata vipande bandia vya barafu. Na katika orodha ya vifaa niliona kitu ambacho msusi yeyote angekitambua: mafuta ya nywele yenyewe. Kile kilichokuwa kinatangazwa kilikuwa kimepakwa juu ya tangazo lake.

Nilisogea karibu kadiri nilivyoruhusiwa, kwa sababu mchapaji hawezi kuitazama chapa kwa mbali akaridhika. Jarida la kawaida hutengeneza picha kwa vitone: penye giza vitone vikubwa, penye mwanga vitone vidogo. Gallagher na mafundi wake walizihamisha kurasa hizo kwenye mabamba ya shaba kwa njia ya kizamani iitwayo fotogravya. Picha hupitishwa kwa mwanga kwenye utando wa jelatini, utando ukalazwa juu ya bamba, kisha asidi ikaachwa ikaila shaba, kwa kina penye giza na juujuu penye mwanga. Wino hukaa ndani ya vishimo hivyo, na karatasi yenye unyevu ikikandamizwa kwa nguvu huunywa wote. Ndiyo maana weusi wa fotogravya una uzito ambao vitone vya jarida haviwezi kuufikia. Juu ya msingi huo ziliongezwa njia nyingine: litografia, skrini, kukwangua bamba kwa ncha kali, kukata kwa leza, hata kuchora bamba kwa mashine ya kuchanjia tatoo. Karatasi nyembamba zilibandikwa juu ya karatasi nene zikiwa bado chini ya mashine. Mikono ikamalizia kwa gundi, mkasi na plastisini.

Nilikaa mbele ya ukuta ule muda mrefu nikijiuliza kwa nini taabu yote hiyo. Angeweza kununua majarida ya zamani akayakata moja kwa moja. Watengenezaji wengi wa kolaji, yaani picha za vipande vilivyobandikwa, hufanya hivyo, na kazi zao ni nzuri. Jibu nililipata polepole, na nimeendelea kulipata tangu siku ile.

Sehemu ya kwanza ya jibu iko katika karatasi yenyewe, na nilikuwa ndiyo kwanza nimefundishwa habari zake. Magazeti na majarida ya bei nafuu hutengenezwa kwa rojo la mti ambalo halikuondolewa kemikali ya asili ya mti iitwayo lignini. Lignini ikikutana na hewa na mwanga, karatasi hugeuka manjano, kisha kahawia, inakuwa na asidi, inavunjika ukiikunja. Tangazo la mwaka 1950 lililoharibu uso wa mtu linaweza kuwa limesagika lenyewe leo, na aliyelichapa asibaki na ushahidi wowote dhidi yake. Gallagher aliyahamisha maneno yale kwenye karatasi nzuri na wino wa kudumu. Aliyafanya yakae. Sisi tulichoma kurasa za Shangazi, na leo nikitaka kumweleza binti yangu zilivyokuwa zikisema, sina hata moja ya kumwonyesha. Kitu kilichokuumiza kina haki ya kutunzwa, ili ukikishtaki kiwepo barazani.

Sehemu ya pili inahusu heshima. Maandishi ya matangazo yamebaki, unaweza kuyasoma: ahadi, bei, anwani ya posta. Lakini wanawake wale hawachekwi. Nimewahi kuona kazi nyingi zinazokejeli watu waliojichubua, na kila mara niliona uso wa Shangazi ndani ya kejeli hiyo. Katika DeLuxe mkono wa msanii umekaa juu ya kila kichwa kama mkono wa msusi, unafinyanga, unapanga, unapamba. Mawigi ya njano ni ya ajabu, mengine yanatisha, lakini yametengenezwa kwa subira. Mwanamke aliyewekwa ukurasani ili auze kikopo sasa amepewa kichwa ambacho hakuna duka linaloweza kukiuza.

Tena msanii hakuyafanya majarida yale kuwa adui, na historia inamuunga mkono. Ebony ilianzishwa na John H. Johnson mjini Chicago mwaka 1945, ikawaonyesha Wamarekani Weusi madaktari wao, wanamuziki wao na nyumba zao, wakati ambapo magazeti makubwa ya nchi yaliwaonyesha kama wahalifu au watumishi. Jarida dogo la mchapishaji huyohuyo, Jet, ndilo lililochapa mnamo Septemba 1955 picha za mwili wa Emmett Till, mvulana wa miaka 14 aliyeuawa na wazungu huko Mississippi. Mama yake, Mamie Till, alikuwa ameagiza jeneza liachwe wazi ili ulimwengu uone alichotendewa mwanawe. Picha hizo zilipita mkono kwa mkono, na watu wengi waliojiunga na harakati za haki za raia walisema baadaye kwamba ndizo zilizowaamsha. Jarida moja liliweza kubeba ukweli mkubwa kiasi hicho, na kurasa zake nyingine zikawa zinauza aibu ya ngozi. Ukuta wa Shangazi nao ulikuwa hivyo. Palepale penye krimu palikuwa na picha za waimbaji, za wanasoka, za wanawake waliovaa joho la chuo kikuu. Mkasi humlazimisha mtu kuamua: hiki kibaki, hiki kitoke, hiki kisogee kando ya kile. Ukichoma umekataa kuamua.

Sehemu ya tatu ndiyo kubwa zaidi kwangu, nayo ni hesabu ya mchapaji. Karatasi 60 kwa nakala 20 ni karatasi 1,200, ukiacha za majaribio. Kila moja ya hizo 1,200 ilipita mashineni, tena nyingi zaidi ya mara moja, na kila moja iliyohitaji wigi ilifinyangiwa lake. Kolaji kwa kawaida huwa moja tu duniani: ukishabandika, umemaliza. Gallagher aliichukua kazi ya mkono isiyorudiwa, akairudia. Kwa sababu hiyo DeLuxe inaweza kuwa London na New York kwa wakati mmoja, na Tate wana nakala yao kama ambavyo Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lina yake. Uongo ulikuwa umesafiri kwa nakala, naye akalipeleka jibu lake kwa njia ileile. Nilipolielewa hilo, nilielewa pia kwa nini moto wetu wa uani haukufika popote.

Nilirudi nyumbani na kitabu cha maonyesho ndani ya begi. Shangazi alikuwa amezeeka, macho yamepungua nguvu, lakini vidole vyake vilikuwa bado vya msusi. Nilimfungulia kurasa za DeLuxe mezani. Alizipitia taratibu, akigusa mawigi kana kwamba angeweza kuyapima uzito. Mbele ya tangazo moja la krimu alisita.

"Huyu namjua," alisema. "Alikuwa pale karibu na kioo."

Sikubishana naye kama ni yuleyule au ni dada yake. Aliniuliza aliyetengeneza ni nani, nikamweleza. Akaniuliza ametengeneza nakala ngapi. Nikamwambia ishirini. Akafunga kitabu, akakisogeza kwangu.

"Hazitoshi, mwanangu."

Karakana yangu ya sasa imejengwa juu ya maneno hayo. Ni chumba nyuma ya nyumba, chenye mashine ndogo ya mkono, meza ndefu na kamba za kuanikia. Jumamosi huja wasichana na wavulana wa mtaani, na kila mmoja huleta karatasi iliyowahi kumsema: lebo, tangazo, ukurasa wa gazeti, ujumbe wa simu aliounakili kwa mkono. Shaba na asidi hatuna. Tunatumia pakiti za maziwa na za juisi. Ukiifungua pakiti ukaiosha, ule upande wa ndani unaong'aa hugeuka bamba zuri: unachora juu yake kwa ncha ya msumari, unapaka wino, unafuta, na wino unabaki ndani ya mikwaruzo. Ukiweka karatasi iliyolowanishwa kidogo na kupitisha mashineni, mchoro unatoka. Bamba moja huvumilia nakala chache kabla ya mistari kulala, na hilo linatufundisha kupanga kazi. Kwa wanaotaka nakala nyingi tunachonga mabaki ya kapeti la plastiki ambalo mafundi wa sakafu hulitupa.

Kubandika tunabandika kwa uji wa wanga wa ngano uliopikwa vizuri na kuchujwa. Wakati wa mafunzo yangu nilijifunza kwamba watunzaji wa karatasi wanaupenda kwa sababu unaweza kulowanishwa na kubanduliwa miaka mingi baadaye bila kuirarua karatasi. Gundi nyingine nyingi zikishika haziachii. Ninawasisitizia vijana jambo hili: atakayekuja baada yetu aachiwe nafasi ya kuangalia chini ya tulichobandika, akaona tangazo lilivyokuwa na tulivyolijibu.

Uchapaji wa kisanaa si mgeni kwetu, na hilo pia huwaambia. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, na hapo wasanii kama George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, walifanya chapa za bamba na asidi. Mashetani ya Lilanga, yenye masikio makubwa na matumbo ya mviringo, yaliondoka katika mti wa mpingo yakaingia kwenye karatasi, na kwa karatasi yakafika nyumba ambazo kinyago kizima kisingefika. Kijana anayekwangua pakiti ya maziwa Jumamosi asubuhi yumo katika mlolongo huo.

Kanuni ya karakana ni moja. Hakuna anayetengeneza nakala moja tu. Ya kwanza anakwenda nayo nyumbani, ya pili inabaki kwenye sanduku letu pamoja na karatasi ya awali iliyomchokoza, na zinazobaki zinapelekwa saluni. Wenye saluni wamezipokea kuliko nilivyotegemea. Wengi wao ni wanawake wanaojua vizuri mkorogo umewafanya nini wateja wao, na hawakuwa na kitu kingine cha kubandika. Sasa kando ya kalenda na mabango ya nywele za rasta utakuta msichana aliyesukwa twende kilioni, amechapwa kwa wino mweusi, kipande cha kanga kimebandikwa mabegani, na chini yake maneno aliyoyachagua mwenyewe. Baadhi ya wateja wameanza kumnyooshea kidole wakisema "hii".

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye saluni, wenye maktaba na wenye viwanda vya uchapaji. Msichome majarida ya zamani wala kuyauza yote kwa wafungia nyama. Wapeni vijana wenye mikasi. Mabamba na skrini mnazozitupa baada ya kazi bado zina uhai ndani yake, na karatasi za hasara zinazojaa chini ya mashine ya kukatia zinatosha kwa darasa zima. Krimu zenye sumu zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, lakini matangazo yake hayajakoma, na siku hizi yanapita kwenye simu kwa wingi ambao Heidelberg yetu isingeuweza. Serikali ina kazi yake ya kukamata makopo. Kazi yetu sisi wa karatasi na wino ni kulijibu tangazo kwa chapa, na kuendelea kuchapa mpaka nakala zitoshe mtaa mzima.